Laptopu ya bajeti ndogo: wepesi wa safari au nguvu ya gemu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bajeti ikiwa finyu, wepesi na nguvu ya gemu huvutana kamba. Kadi ya michoro yenye nguvu inataka mabomba ya shaba, feni mbili, betri kubwa na chaja nzito, na vyote hivyo vinaishia begani mwako. Hapa tumekusanya maswali ambayo wanunuzi huuliza zaidi, na majibu tuliyoyaandika kwa kirefu pale ambapo pesa nyingi hupotea.

Nianze kuangalia nini, uzito au kadi ya michoro?

Anza na wiki yako. Chukua karatasi, andika siku saba, na kwa kila siku jaza mambo matatu: laptopu itakuwa mgongoni muda gani, itatumika mbali na umeme kwa saa ngapi, na utacheza gemu saa ngapi, ukiwa wapi. Watu wengi wakifanya hivi hugundua kwamba saa zao zote za kucheza ni za usiku, mezani, kando ya soketi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuvumilia mashine nzito. Anayebadilisha mabasi mara mbili kwa siku na kufanya kazi saa nne bila umeme hawezi, hata akijiambia kwamba atazoea.

Kisha andika majina ya gemu tatu hadi tano unazocheza kila wiki, si zile unazotamani kuzicheza siku moja. Kama orodha ina Valorant, League of Legends, Minecraft isiyo na vikorombwezo, na gemu za mpira za miaka iliyopita, huhitaji kadi ya michoro ya kujitegemea, yaani chipu ya michoro iliyo nje ya prosesa na yenye kumbukumbu yake. Kama kuna hata moja nzito kama Cyberpunk 2077 na unaicheza kweli, unaihitaji, isipokuwa uko tayari kuicheza kwa mipangilio ya chini kabisa.

Uzito gani unabebeka kila siku?

Pima laptopu pamoja na chaja yake. Matangazo hutaja uzito wa laptopu peke yake, na hapo ndipo mnunuzi anapopotea. Laptopu nyembamba ya inchi 14 huwa kati ya kilo 1.3 na 1.6, na chaja yake ya wati 65 haifiki gramu 350. Laptopu ya gemu ya inchi 15.6 ya daraja la chini huwa kati ya kilo 2.1 na 2.5, na chaja yake ya wati 180 au 230 inaongeza nusu kilo au zaidi. Tofauti halisi begini basi inaweza kukaribia kilo moja na nusu, yaani kama chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyojaa, ambayo hutaweza kuinywa njiani ikapungua.

Usisahau umbo. Chaja ya gemu ni tofali lenye kebo mbili nene. Haiingii kwenye mfuko wa pembeni wa begi la kawaida, na ikiwekwa pamoja na laptopu bila kitu katikati inaweza kukandamiza kifuniko na kuacha alama kwenye skrini.

Kwa anayetembea zaidi ya nusu saa kwa siku akiwa na begi, mpaka tunaoushauri ni kilo 2 kwa vyote viwili. Ukibeba mara moja kwa wiki, kilo 3 si tatizo.

Laptopu isiyo na kadi ya kujitegemea inaweza kucheza gemu kweli?

Ndiyo, ila si kila moja, na hapa majina ya prosesa yanapotosha kuliko mahali pengine popote.

Chipu ya michoro iliyo ndani ya prosesa hutofautiana sana. Radeon 780M, inayopatikana ndani ya Ryzen 7 7840U, 7840HS na 8840U, ina vitengo 12 vya kuchora. Radeon 760M ina 8. Radeon 610M, iliyo ndani ya Ryzen 5 7520U, ina 2 tu. Mtu akiona "Ryzen 5 7520U" na "Ryzen 5 7640U" kwenye rafu moja anadhani ni ndugu wa karibu. Si ndugu. Ya kwanza inatumia usanifu wa zamani wa Zen 2, ya pili ule mpya zaidi wa Zen 4, na ina 760M.

Kwa Ryzen za laptopu za mfululizo wa 7000 na 8000, soma tarakimu ya tatu ya namba: 2 ni Zen 2, 3 ni Zen 3 au Zen 3+, 4 ni Zen 4. Hivyo 7730U, ingawa inaanza na 7, ni Zen 3 na bado ina michoro ya zamani ya Vega. Ukitaka kucheza bila kadi ya kujitegemea, tafuta 780M, 760M au 680M. Upande wa Intel, Core Ultra za kwanza zenye herufi H zina michoro ya Arc yenye kori 7 au 8, na zile zenye U zina kori 4. Herufi moja mwishoni, karibu nusu ya nguvu.

Kwa 780M yenye RAM iliyowekwa vizuri, gemu nyepesi huchezeka vizuri kwa ubora wa 1080p (pikseli 1920 kwa 1080), na nzito nyingi huchezeka kwa mipangilio ya chini, ukishusha ubora hadi 720p kwa zile ngumu zaidi. Usitarajie zaidi ya hapo.

Kwa nini mnasema "RAM iliyowekwa vizuri"?

Kwa sababu michoro ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta, na kasi yake inategemea njia ngapi zinaifikia. Kijiti kimoja cha GB 16 kinafungua njia moja; vijiti viwili vya GB 8 vinafungua mbili. Idadi ya GB ni ileile, lakini idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, inabadilika waziwazi. Intel yenyewe imelifanya jambo hili lionekane: prosesa ambayo michoro yake ni Iris Xe, ikipewa kijiti kimoja tu, Windows huiita UHD Graphics. Chipu haijabadilika, imenyimwa njia.

Kuthibitisha ni rahisi. Fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory, na utazame mstari wa "Slots used". Ukiona 1 kati ya 2, una nafasi ya kuongeza. Kama RAM imechomelewa kwenye ubao mama, mstari huo hautoshi kukuambia ukweli. Tumia programu ya bure ya CPU-Z, kichupo cha Memory, kwenye sehemu ya "Channel".

Nikitaka kadi ya michoro ya kujitegemea, niangalie nini kwanza?

Kumbukumbu ya kadi, kisha wati zake, kisha ndiyo jina.

Kumbukumbu ya GB 4 imekuwa finyu. GTX 1650 ya 2019, RTX 2050 na RTX 3050 ya kwanza zote zina GB 4, na gemu mpya zikizidi hapo huanza kukwama-kwama kila unapogeuza kamera, kwa sababu picha zinahamishwa kwenda na kurudi kwenye RAM ya kawaida. Hilo halitibiwi na prosesa bora. RTX 4050 ina GB 6, na kuna toleo la baadaye la RTX 3050 lenye GB 6. RTX 4060 na RTX 5050 zina GB 8. Kwa bajeti ndogo, GB 6 ndiyo sakafu tunayoipendekeza kwa anayenunua mashine mpya kwa ajili ya gemu nzito. GB 4 ikubali tu kama gemu zako ni za zamani na bei imeshuka vya kutosha.

GTX 1650 ina upungufu mwingine: haiwezi kutumia DLSS, ile mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa akili ya mashine. Kadi zote za RTX zinaweza, na kwenye laptopu dhaifu mbinu hiyo ndiyo inayofanya gemu nzito ichezeke.

Laptopu mbili zina kadi ileile. Kwa nini moja inacheza vizuri zaidi?

Wati. Hili ndilo swali tunalotamani kila mnunuzi aliulize kabla ya kulipa.

Mtengenezaji wa laptopu huamua kadi ipewe umeme kiasi gani, ndani ya masafa yaliyoruhusiwa. RTX 4050 ya laptopu inaruhusiwa kufanya kazi kuanzia wati 35 hadi 115. RTX 3050 ya GB 4, kuanzia 35 hadi 80. Laptopu nyembamba na maridadi yenye RTX 4050 ya wati 45 na laptopu nene yenye RTX 4050 ya wati 95 zina kibandiko kilekile karibu na kibodi, lakini hazina nguvu ileile. Kuna wakati kadi ya daraja la chini yenye wati nyingi huipita ya daraja la juu iliyobanwa. Faida ya kila wati ya ziada hupungua kadiri unavyopanda, kwa hiyo kutoka 45 kwenda 75 utakuona kwa macho, ilhali kutoka 95 kwenda 115 huenda usikuone.

Namba hiyo hutafutwa hivi. Kwanza, kwenye ukurasa rasmi wa vipimo vya modeli kamili, si wa familia nzima. Tafuta maneno "TGP" au "Maximum Graphics Power". Pili, ukiwa na mashine mkononi, fungua NVIDIA Control Panel, bofya Help, kisha System Information, na usome "Maximum Graphics Power". Tatu, kama huna njia nyingine, tazama chaja. Laptopu ya gemu inayokuja na chaja ya wati 120 haina umeme wa kulisha kadi ya wati 95 pamoja na prosesa ya wati 45 na skrini, hesabu haikubali.

Jambo la pili baada ya wati ni kupoza. Geuza laptopu, hesabu matundu ya kutolea hewa moto. Tundu moja kwa prosesa na kadi zote mbili ni dalili ya mashine itakayopunguza kasi baada ya dakika kumi na tano. Kinachoumiza ni kwamba majaribio ya dukani huwa ya dakika mbili.

Vipi kuhusu ile ya katikati, nyembamba na yenye kadi ndogo ndani?

Inavutia, na mara nyingi ndiyo chaguo baya zaidi kwa bajeti ndogo. Unalipia wembamba na unalipia kadi, kisha kadi inapewa wati 35 au 40 kwa sababu hakuna mahali pa kutolea joto. Betri pia ni ndogo. Mwishowe unakuwa na mashine isiyodumu safarini na isiyotamba mezani. Ipe nafasi ikiwa tu unahitaji kadi hiyo kwa kazi fupifupi, kwa mfano kuhariri video za dakika chache, na si kwa gemu za saa tatu.

Naweza kucheza nikitumia betri?

Piga hesabu. Betri ya wati-saa 50 ikilisha kazi ya maandishi inayokula wati 8 itadumu kama saa sita. Betri hiyohiyo ikilisha gemu inayokula wati 60 itakwisha baada ya dakika 50. Na hata hizo dakika 50 si za nguvu kamili: betri haiwezi kutoa umeme wote ambao chaja ya wati 180 hutoa, kwa hiyo mfumo hubana kadi mara tu unapochomoa waya. Fremu 90 zinakuwa 40, na baadhi ya mipangilio ya NVIDIA huweka kikomo cha fremu 30 ili kulinda betri.

Kwenye hali hii laptopu yenye 780M hupata heshima yake. Kwa kuwa prosesa nzima na michoro yake vinakula wati 15 hadi 30, ukichomoa waya hupotezi kingi.

Kwa laptopu ya gemu unayotaka ikae muda mrefu katika kazi za kawaida, hakikisha kadi inalala. Fungua programu ya mtengenezaji na uchague hali inayotumia michoro ya ndani pekee au ya mchanganyiko. Kisha shusha skrini kutoka Hz 144 (mara 144 za kubadilisha picha kwa sekunde) hadi Hz 60. Mabadiliko hayo mawili hurefusha betri kuliko kupunguza mwanga peke yake. Ukiona betri bado inashuka haraka, fungua Task Manager uone programu gani inaamsha kadi. Mara nyingi ni kizinduzi cha gemu kilichoachwa wazi nyuma.

Chaja ya USB-C inaweza kuchukua nafasi ya lile tofali?

Kwa laptopu nyembamba, ndiyo, na ni raha kubwa safarini: chaja moja ya wati 65 kwa simu na kompyuta. Kwa laptopu ya gemu, ndiyo kwa kazi za ofisi, hapana kwa kucheza. Nyingi zinazokubali USB-C huishia wati 100, yaani volti 20 kwa ampea 5. Kiwango cha 2021 kimefungua hadi wati 240, lakini laptopu za bei ya chini zenye uwezo huo ni chache.

Mitego ni miwili. Si kila tundu la USB-C linapokea umeme. Mengine ni ya data tu, kwa hiyo tafuta alama ya betri au plagi pembeni ya tundu, au usome mwongozo. Pia kebo ya kawaida ya ampea 3 huishia wati 60 hata ukiiunganisha na chaja ya 100. Inatakiwa kebo ya ampea 5 yenye chipu ya utambulisho ndani ya kichwa chake.

Betri kubwa inaruhusiwa kwenye ndege?

Hadi wati-saa 100 inaruhusiwa bila kuomba ruhusa. Ndiyo sababu laptopu zenye betri kubwa huishia 99 na nukta kadhaa. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege. Betri za akiba na power bank hukaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaoshushwa chini ya ndege. Kama power bank imeandikwa mAh tu, zidisha kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: ya 20,000 ni wati-saa 74, ya 27,000 ni 99.9.

RAM na hifadhi, kiasi gani kinatosha?

GB 16 za RAM. Kwa laptopu isiyo na kadi, GB 8 hazitoshi kabisa, maana michoro inachukua sehemu yake na Windows yake, na gemu inabakiwa na makombo.

Kununua yenye GB 8 na kuongeza baadaye ni njia nzuri ya kubana matumizi, mradi sloti ipo. Laptopu nyembamba nyingi hutumia LPDDR, aina ya RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Ukienda kuongeza, jua kama mashine ni ya DDR4 au DDR5. Vijiti hivyo haviingiliani, pengo la katikati limekaa mahali tofauti. Kijiti kikigoma kuingia, usikilazimishe, umechukua aina isiyo yake.

Hifadhi: SSD ya GB 512 ndicho kiwango cha chini, na Windows itakuonyesha 476 kwa sababu inahesabu kwa namna nyingine, hujaibiwa. Gemu kubwa moja inaweza kupita GB 100. Uliza kama kuna sloti ya pili ya M.2 na urefu wake. M.2 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Baadhi ya laptopu nyembamba hupokea 2242 au 2230 tu, na kijiti cha 80 hakitakaa.

Skrini ya namna gani?

Huku ndiko watengenezaji wa laptopu za gemu za bei ya chini hupunguza gharama kimyakimya. Ukiona "45% NTSC" (kipimo cha upana wa rangi) na "niti 250" (kipimo cha mwangaza), hiyo ni skrini yenye rangi zilizopauka, na karibu na dirisha utaona uso wako kuliko kazi yako. Tafuta 100% sRGB, kipimo kingine cha rangi, na niti 300 au zaidi, hasa kama unasafiri, kwa maana huchagui mwanga wa mahali utakapoketi.

Hz 144 ina maana kwa gemu za ushindani: picha mpya kila milisekunde 6.9 badala ya 16.7 za Hz 60. Lakini kadi isiyoweza kutoa fremu 100 haitaijaza. Na usivutiwe na ubora wa 1440p kwenye kadi ndogo: pikseli zinaongezeka kwa asilimia 78 ukilinganisha na 1080p, na kadi inapaswa kuzichora zote.

Laptopu yangu inachemka na kupiga kelele. Ni mbovu?

Si lazima. Prosesa nyingi za laptopu zimewekewa kikomo kati ya nyuzi 95 na 105 za Selsiasi, na kwenye gemu kufika 90 ni kawaida. Tatizo ni pale kasi inaposhuka ghafla: gemu inaenda vizuri kwa dakika ishirini, kisha inaanza kuvuta miguu.

Fanya haya kwa mpangilio huu, maana la kwanza halina gharama na la mwisho lina hatari. Inua nyuma ya laptopu sentimita 2 au 3 kwa kitabu kilichowekwa ukingoni, pasipo kuziba matundu. Weka kikomo cha fremu, 60 zikitosha weka 60. Kadi inayochora fremu 130 kwenye menyu inachoma umeme bure. Kisha kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha "Maximum processor state" kutoka asilimia 100 hadi 99. Hatua hiyo ndogo huzima mbio za ziada za prosesa, joto hushuka kwa nguvu, na kwa gemu zinazotegemea kadi fremu hupungua kidogo sana.

Vikishindikana, safisha. Zima, chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na chomoa kiunganishi cha betri kwanza. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza hewa, la sivyo yatazunguka kupita kiasi na kuharibu beringi. Vumbi baya halikai kwenye feni. Hukaa kama kipande cha blanketi kati ya feni na mapezi ya shaba, na ukilitoa utashangaa lilivyokuwa zito.

Nikinunua iliyotumika, nikague nini?

Iliyotumika inaweza kukupa daraja moja zaidi kwa pesa zilezile, ukikagua kwa utulivu.

Anza kwa kuizima na kuiwasha ukiingia kwenye BIOS, programu ya msingi inayofanya kazi kabla ya Windows. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, ondoka. Baada ya Windows kufunguka, angalia kama kuna ujumbe kwamba kompyuta inasimamiwa na taasisi; mashine hiyo inaweza kufungwa kwa mbali.

Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili litakaloundwa. Linganisha "Design capacity" na "Full charge capacity". Betri ya 50,000 iliyobakiwa na 30,000 imechoka. Ingiza bei ya betri mpya kwenye mazungumzo. Pitisha kidole juu ya padi ya mguso: kama imeinuka au imegoma kubonyea, betri iliyo chini yake huenda imevimba, na hiyo si ya kununua kwa bei yoyote.

Fungua na kufunga kifuniko polepole ukisikiliza. Bawaba inayolia au kuinua plastiki pembeni itavunja fremu ndani ya miezi. Kisha cheza gemu kwa dakika 20, waya ukiwa umechomekwa. Muuzaji asiyekubali dakika 20 amekujibu.

Umri nao una mpaka. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) pamoja na, kwa kawaida, Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu au Ryzen za laptopu za mfululizo wa 3000 kwenda juu. Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) vikiwa vimewashwa.

Je, kuna njia ya kukwepa uamuzi huu wote?

Zipo tatu, na moja tu tunaipendekeza kwa bajeti ndogo.

Kucheza kupitia intaneti kunafaa kama laini yako ni imara. Huduma ya GeForce NOW inataka Mbps 15 kwa 720p na 25 kwa 1080p, lakini kinachoua mchezo ni ucheleweshaji. Intaneti ya hotelini inaweza kuonyesha Mbps 50 na bado risasi zako zikafika zimechelewa.

Kadi ya nje iliyounganishwa kwa Thunderbolt (tundu la kasi lenye umbo la USB-C) hufanya kazi, ila kasha, kadi na kiunganishi vinaweza kugharimu kuliko laptopu ya gemu nzima. Iache.

Ya tatu ni kutenganisha: laptopu nyepesi iliyotumika kwa kazi, na kifaa cha gemu cha mkononi au kompyuta ya mezani ibaki nyumbani. Steam Deck ya 2022 ina uzito wa gramu 669 na inaingia begini pamoja na laptopu ya kilo 1.3, jumla ikiwa bado chini ya laptopu ya gemu bila chaja yake. Ubaya ni kwamba inatumia Linux, na gemu zenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu, kama Valorant na Fortnite, hazifunguki humo. Angalia ile orodha yako ya gemu kabla hujashawishika.

Mac au laptopu za Snapdragon?

Kwa betri na utulivu ni nzuri sana. Kwa anayetaka maktaba pana ya gemu, tunashauri abaki na prosesa za Intel au AMD.

Nimeshanunua. Siku za kwanza nifanye nini?

Tumia muda wa kurudisha bidhaa kama muda wa majaribio. Siku ya kwanza sasisha Windows, BIOS na programu endeshi za kadi, halafu pima tena wati kwenye NVIDIA Control Panel na ulinganishe na zilizotangazwa. Siku ya pili cheza gemu yako nzito kuliko zote kwa saa moja bila kusimama, ukiwa umefungua nyuma HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi. Andika joto na kasi ya kadi dakika ya 5 na dakika ya 55. Kasi ikiwa imeshuka kwa zaidi ya moja ya tano, mfumo wa kupoza haujatosha au haujafungwa vizuri. Siku ya tatu weka kila kitu begini, chaja pia, na utembee safari yako ya kawaida ya kwenda na kurudi. Jaribu kila tundu, kila kitufe, kamera na maikrofoni.

Kama utaitumia zaidi mezani, weka kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 kwenye programu ya mtengenezaji, na ukiondoe usiku wa kuamkia safari. Kasha, povu na risiti vihifadhi hadi muda wa kurudisha uishe.